Tuliambiwa Mwalimu ana kansa ya damu, hatukuambiwa ni ya aina gani

Mhariri, swali lenu la juma hili linasema: "Mtu mashuhuri anapotangazwa kuwa na saratani, sisi wananchi huwa tunaelewa nini, na tungepaswa kuelezwa nini?" Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanya kazi ya maabara ya damu hospitalini, na swali hili wagonjwa huniletea mpaka dirishani. Naomba nianzie kwa Mwalimu Nyerere, kwa sababu ugonjwa wake bado unazungumzwa nchini kana kwamba ni kesi ambayo haijatolewa hukumu.

Septemba 1999 Mwalimu alikwenda London, akalazwa hospitali ya St Thomas'. Taifa likaambiwa ni kansa ya damu. Baadaye tukasikia kiharusi, tukasikia yuko chumba cha wagonjwa mahututi, na Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba Rais Mkapa akatangaza kifo. Kwa mwananchi wa kawaida yote hayo yalipita ndani ya wiki chache. Ndipo likazaliwa lile neno ambalo mpaka leo nalisikia kwenye daladala, misibani, na hata kwa watu waliosoma: aliondoka akitembea kwa miguu yake, akarudishwa kwenye jeneza, basi lazima kuna kitu alifanyiwa huko.

Siwalaumu wanaosema hivyo. Walipewa jina la ugonjwa, wakaachwa wajazie wenyewe yaliyobaki. Miaka ya baadaye ilielezwa hadharani kwamba kansa yake ilikuwa ile sugu, yaani inayokwenda polepole, ya chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, na kwamba iligundulika tangu 1998. Ukilijua hilo, ile hoja ya kutembea kwa miguu inakosa nguvu. Mgonjwa wa kansa hii anaweza kutembea, kulima, kuongoza mikutano, kwa miaka. Mwalimu mwenyewe alikuwa anasuluhisha mgogoro wa Burundi. Mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998 naye ndiye aliyeyasimamia mpaka alipougua sana. Kila nikifikiria kwamba mzee wa miaka 76 alikaa kwenye vikao vile virefu huku damu yake ikiwa katika hali hiyo, namheshimu upya.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Limfosaiti ni askari wa mwili. Kwa kawaida askari aliyemaliza muda wake hufa, mwingine akashika zamu. Katika kansa hii kundi moja linakataa kufa. Wanajazana kwenye damu, kwenye uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa, kwenye mitoki na kwenye bandama. Ni wengi kupindukia, lakini hawana silaha. Kwa hiyo mtu ana chembe nyeupe za kumwaga na bado nimonia ndogo inaweza kumlaza. Hujengeka polepole, na huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima mwezi huu, maambukizi au tatizo jingine likamwangusha ghafla mwezi ujao, na jirani akashangaa kwa haki kabisa.

Nieleze ninavyoiona kazini. Alikuja mzee mmoja, mstaafu wa reli, ameletwa na binti yake apimwe kabla ya upasuaji wa ngiri. Hakuwa na homa wala hakukonda. Mashine ikasoma chembe nyeupe 74,000 katika mikrolita moja ya damu, wakati kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000. Namba kama hiyo huiachii mashine peke yake. Nikachukua tone, nikaliburuza juu ya kioo kwa kioo kingine, nikaliacha likauke, nikalitia rangi, nikaliosha na kuliweka chini ya hadubini. Limfosaiti ndogo zilienea kila upande, za mviringo, zote za sura moja, na katikati yake madoa ya zambarau yasiyo na umbo. Madoa yale ni chembe zilizopasuka wakati wa kuburuza kioo, kwa sababu chembe za kansa hii ni dhaifu. Ukiyaona mengi namna ile kwa mtu mzima, unajua daktari anatakiwa aagize kipimo cha kutambua alama za juu ya chembe, ili ithibitike.

Ikathibitika. Daktari alimweleza vizuri, lakini waliporudi dirishani kwangu binti alikuwa analia. Akaniuliza, "Dokta, hii si ndiyo iliyomuua Mwalimu?" Mzee akadakia: "Kama Mwalimu alipelekwa mpaka Uingereza na hakupona, mimi mnanihangaisha nini, mwanangu? Nirudisheni nyumbani." Sikuwa na mamlaka ya kumpa majibu ya ugonjwa, hilo ni la daktari, lakini nilimwomba asiondoke kabla hajaonana naye tena. Alikubali kwa sababu ya binti yake tu.

Na hapa ndipo ninapoumia. Mzee hakuandikiwa dawa yoyote. Aliambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu kupima damu na kukaguliwa mitoki na bandama. Mtaani ikatafsiriwa kwamba hospitali imeshindwa, wamemrudisha afie nyumbani, na wakajitokeza wa kumshauri aende kwa mganga. Kumbe huo ndio utaratibu unaofuatwa dunia nzima kwa aina hii ikiwa bado haijasumbua. Utafiti ulishaonyesha kwamba kuwapa dawa mapema wagonjwa wasio na dalili hakukuwaongezea maisha; kuliwaongezea madhara ya dawa tu. Tiba huanza damu ikipungua, chembe sahani zinazogandisha damu zikishuka, mitoki ikivimba sana, au mtu akianza kukonda na kulowa jasho usiku. Siku hizi kuna hata vidonge vinavyozuia chembe hizo kuishi. Cha kwanza cha jamii yake kiliruhusiwa kwa ugonjwa huu Marekani mwaka 2014. Mwaka 1999 havikuwepo. Bei yake kwetu ni mlima, lakini vipo, na anayepimwa leo asijihukumu kwa tiba za wakati wa Mwalimu.

Sasa mlinganishe na Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom kule Kenya. Naye ilisemwa kansa ya damu. Lakini yake ilikuwa ile kali, ya mieloidi, yaani ya jamii nyingine ya chembe za damu na si limfosaiti, na hiyo nikiiona kwenye kioo siwezi kusubiri asubuhi. Napiga simu wodini usiku huo huo. Chembe changa, kubwa, ambazo zilipaswa kubaki kwenye uboho zikue kwanza, zinamwagika kwenye damu zikiwa hazijui kazi yoyote. Wakati mwingine ndani ya chembe moja unaona kijiti chembamba chekundu, na ukikiona hicho huna haja ya kubishana na mtu. Uboho ukishajaa chembe hizo hautengenezi kitu kingine. Mgonjwa anachoka, anavuja damu kwenye fizi, homa haishuki. Bila tiba, hesabu yake ni ya wiki au miezi michache. Dawa nzito za mshipa huanza ndani ya siku chache, na kwa wanaoweza hufuata kupandikizwa uboho.

Collymore alikwenda Uingereza kutibiwa Oktoba 2017, akarejea kazini Julai 2018, akafariki nyumbani kwake Nairobi tarehe 1 Julai 2019 akiwa na miaka 61. Aliporejea, wengi wetu tulidhani amepona. Madaktari wa kansa hii wana hatua ya kwanza wanayoitafuta: chembe changa kwenye uboho zishuke chini ya 5 katika kila 100. Ikifikiwa, mtu anarudi kwake, anavaa suti, anaonekana kwenye televisheni. Ugonjwa hauonekani, lakini unaweza kuwa umejificha, na ukirudi mara nyingi huja mkali zaidi. Wakenya walipoambiwa mwaka mmoja baadaye kwamba amefariki, wapo waliosema matibabu ya Ulaya ni biashara tu. Mimi nasema matibabu yale yalimrudisha kwa familia yake na kwa kazi aliyoipenda, na kwa ugonjwa wa namna ile hilo si jambo dogo.

Mwezi huo huo aliofariki Collymore, tarehe 26, Kenya ikampoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, kwa kansa ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka 41. Yeye alifanya kitu ambacho viongozi wetu wachache hukifanya: alisema mwenyewe kwamba imefika hatua ya nne. Kwa kansa ya utumbo, hatua ya nne maana yake imetoka utumboni na kufika kwenye viungo vingine. Lakini kwa ile kansa sugu ya damu, hatua ya nne katika mpangilio mmoja unaotumika ni kwamba chembe sahani zimeshuka mno. Msomaji akisikia namba peke yake anadhani anaelewa, na hapo anaweza kupotoka kabisa.

Kwa hiyo jibu langu kwa nusu ya pili ya swali lenu ni hili. Sitaki kujua kiongozi ana uzito gani wala amekunywa dawa gani leo asubuhi. Hiyo ni siri yake na daktari wake, akiwa rais au akiwa mchuuzi. Ila akishakubali ugonjwa utangazwe, familia au Ikulu imweke daktari mmoja redioni, aeleze kwa Kiswahili kwa dakika kumi: ni aina gani, inakwenda kwa kasi gani, imefika wapi, na madaktari wanatafuta nini, kuiondoa au kuishikilia. Alipofariki Mzee Mwinyi, Februari 2024, Rais Samia alitaja wazi kwamba ilikuwa saratani ya mapafu. Nilishukuru sana. Nilitamani tu daktari angefuata baada yake.

La mwisho ni kwa wale wanaokuja dirishani kila baada ya tangazo la namna hii na kusema, "Nipimeni kansa." Hakuna kipimo kimoja cha kansa zote. Picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zake, inaweza kutuonyesha kansa nyingi za damu, lakini ya shingo ya kizazi, ya matiti, ya tezi dume au ya utumbo kila moja ina njia yake. Mwone daktari kwanza, mweleze unachokisikia mwilini: mitoki isiyouma na isiyopungua, homa isiyo na sababu, kukonda, damu kutoka mahali isipotakiwa. Yeye ndiye ataandika kipimo, nasi tutakipima.