Barafu Kwenye Kabureta, Siku ya Joto

Siku injini yangu ilipotaka kuzima angani nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi. Joto la nje lilikuwa nyuzi 22, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na hewa bado nzito kwa unyevu. Nilikuwa peke yangu kwenye ndege ya injini moja, na saa kama 60 tu za kurusha ndege, nikishuka taratibu kuelekea uwanjani. Mshale wa mizunguko ya injini ukaanza kuteremka. Nikaongeza nguvu kidogo, ukapanda. Dakika chache baadaye ukateremka tena, nami nikaongeza tena. Barafu haikunijia akilini hata kidogo, kwa sababu kwangu barafu ilikuwa kitu cha kwenye mabawa, ndani ya mawingu ya baridi, huko kwenye nchi za theluji.

Kumbe ilikuwa mbele ya miguu yangu, ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Kabureta ina koo jembamba, na hewa ikipita hapo huenda kasi, shinikizo lake likapungua na joto likashuka. Papo hapo petroli inageuka mvuke, na kila kinachogeuka mvuke hufyonza joto la kilicho karibu nacho. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanaweza kuipoza hewa kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Fanya hesabu na zile 22 zangu. Unyevu uliomo hewani unagandia kwenye kuta za koo na kwenye kile kibati kinachofunguka na kujifunga kupitisha hewa. Vitabu vya mafunzo vya Marekani vinasema hatari ni kubwa zaidi joto likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 80, lakini vinaonya kwamba barafu inaweza kujijenga hata kwenye nyuzi 38, unyevu ukiwa asilimia 50. Anayerusha ndege kwenye joto asidhani hayamhusu. Na ukishuka umepunguza nguvu, kibati kimebakiza upenyo mdogo sana, kwa hiyo barafu kidogo tu inatosha kuuziba.

Injini ilipoanza kumisi ndipo nikavuta kishikio cha joto la kabureta, kile kinachoingiza hewa ya moto ndani yake. Ikawa mbaya zaidi. Ndege nzima ikatetemeka, mizunguko ikaporomoka, na mkono wangu ukakirudisha kishikio mahali pake kabla sijafikiri. Nataka uelewe kwamba kosa langu kubwa lilikuwa hapo, kuliko hata kuchelewa. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mchanganyiko unazidi petroli. Kisha barafu inapoyeyuka, maji yake yanamezwa na injini, nayo inakohoa. Kwa hiyo mtikisiko ule ulikuwa dalili kwamba dawa imeanza kufanya kazi, na mimi nikaikatiza.

Mwalimu wangu aliwahi kuniambia: "Ukishakivuta, mkono ubaki juu yake, uhesabu." Nilikumbuka. Nikavuta tena mpaka mwisho, nikahesabu kwa sauti huku nikichagua shamba la kutua endapo ingezima. Nilifika 20 na kitu. Injini ikakohoa kwa nguvu mara mbili, halafu mizunguko ikapanda kupita pale ilipokuwa nilipoanza kuvuta. Nilitua salama, nikakaa ndani ya ndege muda mrefu bila kufungua mlango.

Tangu siku hiyo navuta joto kabla ya kupunguza nguvu. Joto lile linatoka kwenye bomba la ekzosi. Injini ikishapunguzwa bomba linapoa, na ikizima kabisa hakuna joto la kuvuta tena. Navuta lote, kwa sababu nusu ya joto inaweza kuichukua hewa ya baridi kali, ambayo unyevu wake haunati, na kuipasha mpaka kiwango kile kile ambacho unyevu unagandia. Kitabu cha ndege yako kitakwambia kama ukiache kishikio kikiwa kimevutwa mpaka unagusa ardhi au la. Kifuate hicho, si mazoea ya rafiki yako anayerusha ndege ya aina nyingine. Kama propela yako inajirekebisha yenyewe ili mizunguko isibadilike, usisubiri mizunguko ishuke, maana haitashuka. Angalia geji ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini.

Barafu ya mabawani nayo nimeionja, mara moja tu, na sitaki ya pili. Mawingu yana matone ya maji ambayo yako chini ya sifuri lakini hayajaganda, yanasubiri kugusa kitu. Kile kitu huwa ni ndege yako. Niliona mstari mweupe kwenye ukingo wa mbele wa bawa, nikageuza. Kama ndege haina vifaa vya kuondoa barafu wala haikuidhinishwa kuruka ndani yake, huna la kungoja. Hewa uliyotoka unaijua, unayoiendea huijui. Waambie waongozaji wa anga mapema na kwa maneno ya wazi kwamba unapata barafu. Washa kipasha joto cha mrija wa pito, ule unaopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo, kabla ya kuingia winguni, la sivyo kipimo cha mwendo kitakudanganya. Zima mtambo wa kujiendesha, kwa kuwa utakuficha jinsi ndege inavyozidi kuwa nzito mkononi. Wakati wa kutua ongeza mwendo na uwe mwangalifu sana na flepu, yale mabati ya nyuma ya bawa yanayoteremshwa wakati wa kutua, kwa sababu mkia ni mwembamba kuliko bawa na hushika barafu kabla yake. Usitegemee king'ora cha kukuonya kwamba bawa linakaribia kuacha kubeba. Bawa lenye barafu huacha kubeba mapema, king'ora kikiwa bado kimya.

Sakitu ya asubuhi, ule umande ulioganda juu ya ndege, ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaonekana nyembamba na watu wanaidharau. Tabaka lenye ukwaru kama wa msasa juu ya bawa linaweza kupunguza uwezo wa kubeba kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Nimeshasikia rubani akisema itapeperuka tukianza kukimbia. Haipeperuki. Mimi napitisha kiganja kitupu juu ya bawa lote, mkia na propela. Nikihisi ukwaru popote, naigeuza ndege ilielekee jua na kuwaambia abiria wakanywe chai.