Mjini linavuta, mlimani linalegea

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina Toyota Fielder ya 2010, injini ya 1500, otomatiki ya CVT. Mjini halina neno. Lakini jioni nikitoka Westlands na watoto na mizigo, tukishapita Kangemi tunapanda kuelekea Kikuyu, nikikanyaga mafuta gari linalegea kana kwamba limefungwa kamba nyuma. Hata malori yananipita. Nimebadilisha plagi zote nne, koili moja na filta ya hewa. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Sasa fundi wangu anasema ni giaboksi. Nimpe hiyo kazi? – Mwalimu, Kikuyu

JIBU: Mwalimu, usimpe bado. Giaboksi ni pesa nyingi mno kulipia kitu ambacho hakijapimwa.

Ukifika tena kwenye mlima huo, mtu aliyekaa kando yako atazame mshale wa mizunguko ya injini. CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ina tabia ya kupandisha mizunguko kwanza, kisha mwendo ukafuata polepole; hiyo si kasoro. Kasoro ni mshale kuruka hadi 4,000 au 5,000 huku mwendo ukipungua, au gari kutetemeka kwa mishtuko. Hapo nami nitaishuku giaboksi, na nitauliza kwanza ni oili gani iliyotiwa, maana wapo wanaotia oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT. Lakini mshale ukikwama 2,500 au 3,000 na injini ikinguruma kama iliyozibwa mdomo, giaboksi haina hatia. Injini inakosa petroli, inakosa hewa, au moshi hauna pa kutokea.

Utaambiwa pia ni mwinuko. Kweli, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na Limuru inapita 2,000, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Lakini mlima huo ulikuwa unaupanda na gari hilihili. Mlima haujarefuka.

Mimi naanza kushuku pampu ya petroli. Injini ikiwa imetulia hunywa kidogo sana, hata pampu iliyochoka inatosha. Ukikanyaga hadi chini, watoto na mizigo nyuma, inataka kugugumia, na pampu haifikishi. Taa haiwaki kwa sababu gari lako halina sensa ya presha ya petroli. Kompyuta haina njia ya kuiona moja kwa moja.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Wanapima gari likiwa limesimama gereji, presha inasoma bar 3 na ushei, wanasema pampu ni nzima. Ugonjwa wa mlimani hupimwa mlimani. Kuna Probox moja niliyoitiwa Uthiru, imeshabadilishwa vitu nusu ya injini. Tuliunga geji kwenye paipu ya petroli kwa adapta, tukapitisha mpira nje ya boneti, geji tukaibana chini ya waipa upande wa nje wa kioo. Usikubali kamwe geji ya petroli iingizwe ndani ya gari. Tulipoanza kupanda, mshale ulikuwa 3.2. Dereva akakanyaga, ukashuka taratibu mpaka 2, na gari likalegea palepale. Pampu ilipotolewa chini ya kiti cha nyuma, kile kichujio chake cha kitambaa kilikuwa cheusi kama soksi ya mchezaji. Mwenyewe alikuwa mtu wa “weka ya mia tano” kila asubuhi. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikaa karibu tupu kila siku, inaungua polepole.

Kabla ya pampu, fanya lililo rahisi: sensa ya hewa, ile iliyo baada ya filta, ioshwe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Isiguswe kwa kitambaa wala brashi, waya wake ni mwembamba sana. Na samahani kwa hili, lakini tazama kama karpeti haijajikunja chini ya pedali. Nimeshalipwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo moja kwenye barua yako linalonisumbua: ile koili, inayopeleka umeme kwenye plagi. Uliendesha kwa muda gani kabla ya kuibadilisha? Silinda isipochoma, petroli mbichi huingia kwenye eksosi na kuunguzia ndani ya katalitiki, kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki. Sega likiyeyuka, matundu yanaziba. Dalili yake ni gari kuwa afadhali likiwa baridi, kisha kuzidi kulegea kadiri unavyoendesha. Fundi atoe sensa ya oksijeni ya mbele, aunge geji ya presha kwenye tundu hilo, injini ishike mizunguko 2,500. Ikipita psi 3, eksosi imeziba. Asiitoboe katalitiki kwa nondo, ingawa atakushauri hivyo. Vipande vinavyobaki huziba sailensa, na moshi tutauvuta sisi sote.

Ikiwa ni pampu, waya ya pampu itolewe kwanza injini ikiwa inanguruma mpaka ijizime yenyewe, kisha betri ifunguliwe, ndipo paipu iguswe. Spea utazipata Kirinyaga Road, lakini nenda na pampu ya zamani mkononi ulinganishe, na usinunue ile isiyokuwa na boksi.

Niandikie tena ukiwa na namba tatu: mshale wa mizunguko ulisimama wapi, presha ya petroli mlimani, na presha ya eksosi. Zikiwa sawa zote, tutarudi kwenye giaboksi.