Yaya Anajibu: Mutoto ajifunze kazi, na tena tulipe patroni?

Wiki hii barua nyingi za hapa Lubumbashi zinazunguka neno moja, staji, ni kusema kijana kuingia kwa patroni ajifunze kazi kwa mikono. Nimechukua tatu. Ya kwanza nitakaa nayo sana juu iliniuma.

Barua kutoka Katuba

"Yaya, jambo yako. Mutoto wangu iko na miaka 19, alimaliza humanite teknike (sekondari ya ufundi) mu elektrisite na diploma ya Leta alipata. Tulitafuta kazi mwaka muzima, wapi. Sasa kuko patroni moya wa ateliye hapa karibu, anasema atamukamata staji ya miaka mbili bila mushahara, na mbele ya kuingia tumupe dola 150 ya kufungula mulango. Baba yake anasema tulipe, juu hata beye bazee bao balijifunza vile. Mukubwa wake mwenye kuwa ku Ulaya anasema kule Ujerumani mutoto mwenye kujifunza kazi balimulipaka tangu mwezi ya kwanza. Nani anasema kweli? Feza niko nayo, lakini niliiweka juu ya minervali, feza ya shule ya dada yake."

Mama, jambo na kwako. Usilipe. Hiyo dola 150 iache kwenye minervali ya binti, na nitakuambia juu ya nini.

Mkubwa wake hadanganyi. Ujerumani kuko sheria ya mafunzo ya kazi tangu 1969, kijana anafunga kontra na kampuni, siku tatu ao nne za wiki yuko kazini, siku moja ao mbili yuko shule ya ufundi, na vile anaenda miaka miwili mpaka mitatu na nusu kufuatana na kazi yenyewe, halafu mwisho anapita mtihani mbele ya watu wengine, si mbele ya patroni wake peke yake. Malipo yanapanda kila mwaka. Mwaka 2020 serikali ikaweka hata kiwango cha chini, wakati ule ilikuwa euro 515 kwa mwezi kwa yule wa mwaka wa kwanza. Na hii njo nataka uisikie sana: sheria ileile inakataza patroni kumlipisha kijana feza ya kumfundisha. Hata mkiandikiana, karatasi hiyo haina nguvu.

Utaniambia Yaya, huku si Ujerumani. Ni kweli, patroni wa Katuba mwenye mashine mbili na kuranti inayokatika kila mara hawezi kulipa sawa kampuni ya kule, na mimi simwombi hivyo. Lakini na sisi hatukuanza jana. Union Minière, kampuni ya migodi iliyokuja kuwa Gécamines, ilikuwa na shule zake za ufundi, wazee wetu wengi njo kule walipojifunza kushika faili na kusoma plani. Wamisionari Wasalesiani wa Don Bosco walifika mji huu 1911 na mpaka leo wanafundisha watoto ufundi. Na sheria yetu ya kazi, Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko na sehemu yake nzima juu ya kontra ya kujifunza kazi: mwenye kufundisha anaahidi kumpa kijana mafunzo yenye mpango na yaliyo kamili, na kijana naye anaahidi kufuata maagizo na kufanya kazi atakayopewa ili ajifunze. Kontra hiyo inaandikwa. Mambo ya kufungula mulango sijayaona humo.

Acha nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kuko ateliye moja ya bobinaje, kazi ya kuzungusha upya waya wa mota, kule komini ya Kenya hapa mjini, nilikaa humo karibu saa nzima nikingoja mota ya pampu ya jirani. Kijana wa miaka 18 hivi alikuwa ameinama anazungusha waya wa shaba na anahesabu kwa sauti, arobaini na moja, arobaini na mbili, mimi bila kufikiri nikamsalimia, akapoteza hesabu, akafungua yote na kuanza upya bila kunikasirikia. Niliona haya sana. Ukutani kulikuwa na daftari limefungwa kwa kamba kwenye musumari. Kila jioni anaandika humo kitu alichogusa, kitu alichoharibisha, na sababu. Nikasoma ukurasa mmoja: "Leo niliunguza mota. Sikupima masi mbele ya kutia kuranti." Ni kusema hakuangalia kama waya unagusa mwili wa mota. Chini yake mzee ameweka saini yake na maneno matatu, pima mara mbili. Mzee yule alimwambia mama wa mtoto tangu mwanzo: miezi mitatu ya kwanza nampa transpo na chakula tu, juu ataniharibia waya, kisha kila mota atakayoimaliza yeye mwenyewe kuko sehemu yake. Na iko imeandikwa.

Ile njo staji, mama. Na kinyume chake unakijua, wote tunakijua, kijana anaingia garaji na diploma yake mkononi, miaka miwili inapita, kazi anayoijua ni kuosha motokari, kuteka maji na kwenda kununua mukate ya patroni, na siku anatoka hana hata karatasi ya kuonyesha alikuwa wapi. Baba yake anasema wazee walijifunza vile. Namheshimu sana, lakini wengi wa wazee wale walilala kwa fundi, walikula kwa fundi, alikuwa sawa mzazi wao. Leo mtoto anatoka kwako na njaa na anarudi kwako na njaa, na transpo unatoa wewe.

Basi rudi kwa patroni na mtoto na baba yake, kwa heshima, na mumuulize mambo yafuatayo wazi wazi. Kisha miezi sita mtoto atakuwa anajua kufanya nini peke yake? Kufunga tablo ya kuranti? Kutafuta panne, mahali palipoharibika, na multimetri? Kuvuta kabulu nyumba nzima? Kama hawezi kujibu, hana mpango wa kufundisha, anatafuta mikono ya bure. Siku gani ya wiki atamwachilia aende kalasi? Kuranti ikimpiga, ao akianguka kwenye ngazi, hospitali analipa nani? Mwisho wa staji atampa sertifika inayoandika kazi alizofanya, si jina na tarehe tu? Na miaka miwili kwa mtoto mwenye kutoka shule tayari na elektrisite ni mingi sana kwa maoni yangu, mimi ningeanza na miezi sita na kuangalia.

Mengine ya haraka: pita INPP, chombo cha Leta cha mafunzo ya kazi, iko hapa Lubumbashi. Chombo kile kiliundwa 1964 kwa kazi hiyohiyo ya kutayarisha watu kwa kazi, na kampuni zinakitolea mchango kwa sheria, kati ya 1% na 3% ya mishahara zinayolipa, kufuatana na ukubwa wa kampuni. Kwa hiyo usiingie pale sawa mtu anayeomba sadaka. Uliza kalasi gani zinafunguka, saa gani, bei gani, na kama mtoto anaweza kufanya kalasi huku anaendelea na patroni. Mikono kwa fundi, kichwa kalasini, vyote viwili wiki moja, hapo mtoto anakomaa haraka.

Patroni akikataa kuandika, mama, mtoto wako bado ana miaka 19. Ateliye ni nyingi Lubumbashi.

Barua kutoka Kampemba

"Yaya, kuko mutu ku WhatsApp anatafutia batu Ausbildung ku Ujerumani, anasema nimutumie dola 1800 kontra itakuya mu mwezi moya, kijeremani nitajifunza kule kule. Nifanye je?"

Ndugu yangu, hapana. Ausbildung njo yale mafunzo ya kazi ya Ujerumani niliyoeleza hapo juu, kule kijana hamlipi patroni ili afundishwe. Gharama ziko, sikatai, kuko viza, kuko tafsiri ya diploma, kuko tikiti ya ndege, kuko masomo ya lugha, lakini kontra yenyewe haiuzwi. Na kijeremani hakijifunzwi kule kule, kwa kawaida wanataka ufike B1, kiwango cha kati cha lugha, mbele ya viza, juu shule ya ufundi inafundisha kwa kijeremani na mtihani uko kwa kijeremani, utakaa mule ndani ufanye nini? Omba jina la kampuni, iandikie wewe mwenyewe, uongee nao kwa video. Huyo mtu akikasirika juu umeuliza jina, umepata jibu lako.

Barua kutoka Ruashi

"Jambo Yaya. Niko binti ya miaka 20, niko nasoma sudire, kazi ya kuunganisha chuma na moto. Shule ilinituma staji ku ateliye moya, na wanaume babili ba kalasi yangu. Beye banashika bageti ya kusudia tangu siku ya kwanza. Mie patroni aliniweka ku meza niandike fakture, juu anasema moto utaharibisha sura yangu. Iko mwezi sasa. Niko naogopa kusema, asije akanifukuza."

Mdogo wangu, barua yako niliisoma mara tatu. Patroni huyo pengine anafikiri anakutendea mema, lakini anakuibia mwezi wako. Moto unaharibisha sura ya kila mtu asiyevaa maski, mwanaume naye, njo sababu kuko maski, na glovu, na nguo ya mikono mirefu ya pamba, ile ya nailoni inayeyuka kwenye ngozi.

Usianze na ugomvi. Shule ilikutuma, kwa hiyo kuko mwalimu mwenye kufuatilia staji, na kwenye karatasi ya staji kumeandikwa "sudire", hakukuandikwa fakture. Mpelekee mwalimu tarehe na kazi ulizopewa, siku kwa siku, umeziandika vizuri, na umuombe apite ateliye yeye mwenyewe. Akija, asiseme binti amelalamika. Aombe tu kuangalia kazi ya kila mwanafunzi, mikono ya kila mmoja, juu lazima aweke pointi. Hapo patroni hatakuwa na kitu cha kuonyesha upande wako, atakupa bageti siku ileile.

Na usingojee tu. Asubuhi fika nusu saa mbele ya wengine, okota vipande vya chuma vilivyotupwa, umuombe patroni mwenyewe ruhusa ya kuvuta mistari juu ya chuma bovu, bageti tatu kwa siku. Wengi wanakataa kubadilisha mpango wao lakini hawakatai mtoto anayeomba chuma cha kutupa. Mwanzo bageti itashikamana, itashikamana tena, utaigonga mpaka mkono uchoke. Ni vile kwa wote. Sikiliza sauti, ikianza kulia sawa mafuta kwenye kikaango, mkono wako uko mahali pake.

Kisha nitumie foto ya mstari wako wa kwanza, hata kama umepinda.