Cherehani ya Singer kwa dola 15, mnaoniuliza kuhusu yadi seli

Tangu niposti Jumamosi ile cherehani niliyoipata yadi seli, yaani pale watu wanapouza vitu vyao vilivyotumika nje ya nyumba zao, inbox imejaa, mdogo wangu mmoja wa Minnesota kaniuliza "dada mbona mimi nikienda nakuta vikombe tu?" Mdogo wangu, unaenda saa ngapi? Mimi hapa Columbus, Marekani, saa moja asubuhi nishapaki gari, saa nne ni muda wa kukuta mabaki.

Aliyekuwa na hiyo cherehani ni bibi mmoja anahamia kwa mwanae. Singer ya kizamani, chuma tupu, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake ya mbao. Bei kaandika dola 40. Sikuanza na bei, nilimsalimia nikamwambia mama yangu Tanga alitusomesha kwa cherehani kama hii, akishona sare za mtaa mzima, tukaongea kama nusu saa hivi, mwenyewe akasema nipe 15 uende nayo. Nililia kwenye gari, sisemi uongo.

Kwa hiyo wahi, salimia kwanza, na beba noti za dola moja moja na tano tano, maana ukiomba kupunguziwa halafu unatoa noti ya hamsini nani atakusikiliza. Wafuate wazee wanaohama. Godoro acha, kunguni hawaonekani mchana. Kiti cha mtoto cha kwenye gari pia acha, huwezi kujua kama kilishapata ajali.

Na cha umeme unachotaka kutuma nyumbani, kigeuze usome kibandiko chini!! Mwaka wangu wa kwanza nilimtumia mama blenda ya dola 6, ikasafiri na kontena mpaka Tanga, kuichomeka tu moshi. Ilikuwa ya volti 120, nyumbani umeme ni 230. Mama hakusema kitu, ila ndugu mmoja akaandika kwenye grupu la familia kwamba naokota takataka za Wazungu nawatumia wao. Hilo neno mpaka leo linaniuma. Jamani tuache kuoneana aibu, mtu analipia kochi jipya kwa mkopo kila mwezi na riba juu, halafu anamcheka aliyenunua la dola 20 kesh, nani ana akili hapo? Wahini, nunueni, wekeni hela.

Cherehani naipaka mafuta kila jioni, mkanda wa ngozi ulikuwa umekatika nimeagiza mwingine. Kontena linaondoka mwezi ujao. Mama hayupo mitandaoni, watu wa Tanga naomba msimwambie.