Usiandike "Sawa" Kabla Hujaigusa Diski

Juzi kijana mmoja wa zamu yetu alitoka kwenye kichwa cha mashine yetu ya kuchimba handaki, kile chenye diski za chuma zinazokata mwamba, baada ya dakika 10 na kuandika "diski zote sawa". Dakika 10, diski zaidi ya 50! Nikamrudisha ndani. Alinuna, na sikumlaumu, mita za kuchimba za zamu zilikuwa zinamsubiri. Lakini nilipomtazama nilijiona mimi wa zamani, ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu.

1. Wengi wenu mmezoea baruti. Mahandaki ya reli ya Ngong na yale ya milima ya Kilosa yalichimbwa hivyo: unatoboa, unalipua, moshi ukitoka unasimama mbele ya mwamba mkatazamana. Huku Alps, milima ya Ulaya, tunachimba kwa mashine, na mwamba uko nyuma ya chuma chake. Nenda kwenye mkanda unaotoa kifusi ukakitazame: vipande bapa, vyembamba, mambo ni mazuri, mabonge yakianza kushuka, mwamba mbele umevunjikavunjika.

2. Diski. Mwaka wangu wa kwanza huku, zamu ya usiku, tulikuwa tumebakiza mita 4 tuvunje rekodi ya mwezi. Niliingia kukagua nikakuta diski moja ya pembeni haizunguki. Ukingo umelika upande mmoja, mafuta yamevuja. Nilijua beringi imekufa. Kuibadilisha kungetula saa mbili hivi, na vijana nje walikuwa wanaimba. Nikajiambia zamu ya matengenezo itaikuta asubuhi. Nikaandika "sawa".

Sisemi kwamba sikuiona. Niliiona, nikaandika uongo, nikatia saini.

Diski iliyoganda haikati, mzigo wake unamwangukia jirani. Kila moja imeundwa kubeba kama tani 25. Jirani akizidiwa anavunjika, na wa tatu anafuata. Msukumo ulipopanda nilimwambia mwendeshaji aongeze. Kufika alfajiri diski 11 zilikuwa zimekwisha na chuma chenyewe cha kichwa kimelika. Tulisimama siku 9. Mafundi wa kuchomelea walijipenyeza mle kwa zamu, wamelala chali, joto la mwamba na la moto wao wenyewe vimewabana. Siku ya tatu walimtoa mmoja amezimia. Ni mzee aliyenifundisha kupima ulikaji wa diski, mkono wake juu ya mkono wangu. Nilikwenda kumwona. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Uliiona?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Akageukia ukutani.

Mpaka leo nikiingia kwenye kichwa naizungusha kila diski kwa mkono wangu, hata kama mwenzangu ameshapita.

3. Kutoboa mbele, yaani kutoboa tundu refu la kuupima mwamba kabla mashine haijaufikia, kusirukwe, hata mwamba ukiwa mzuri wiki nzima. Kule Gotthard, Uswisi, mwaka 2005, mashine moja ya upande wa Amsteg ilikwama kwenye mwamba uliosagika karibu miezi 5. Hilo handaki lilifunguliwa 2016 likiwa na kilomita 57, na wafanyakazi 9 walikufa wakilijenga. Mkitajiwa urefu wake, watajeni na hao.

4. Kunyweni maji kabla ya kiu. Chini ya mlima wa mita 2,000 na zaidi, joto la mwamba linaweza kupita nyuzi 40.

5. Wapimaji wa mwelekeo wa handaki wakiomba mashine isimame, isimame, na msiwanunie. Siku ile ya tarehe 15 Oktoba 2010, pande mbili za Gotthard zilipokutana, zilipishana sentimita 8 kwa upande na 1 kwa kimo. Usahihi huo ulitokana na watu waliokuwa wakisimamisha kazi za wenzao kila mara na kutukanwa. Mimi nimewatukana pia, na nimewaomba radhi.

6. Mwanga. Ingieni na taa mbili.

Yule kijana alikaa ndani saa moja na nusu. Alitoka kalowa jasho, mikono myeusi, akanionyesha kwenye karatasi: diski namba 34, boliti mbili zimelegea. Tulisimamisha mashine tukazikaza, na jina lake nimeliandika kwenye ripoti.