Spika Zikiumia Wakati wa Kuhama, Usiongeze Sauti Kwanza

Mwaka 2016 nilihama Tabata kwenda Mbezi. Spika mbili kubwa alizoniachia marehemu baba zilipanda kirikuu pamoja na magodoro na vyombo. Vijana walipokuwa wanashusha, moja iliwaponyoka ikatua kwa kona. Niliikagua palepale: mbao imemeguka kidogo, koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika na kutoa sauti) nzima, waya zipo. Nikashukuru Mungu. Usiku nilipowasha, spika ile ikawa inakwaruza kila besi inapopiga, kama mtu anapitisha msasa kwenye karatasi. Nikaongeza sauti ili nijue tatizo liko wapi, kisha nikaendelea kuisikiliza hivyohivyo siku tatu. Siku ya nne nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, spika ikanyamaza.

Fundi wa Kariakoo aliyeifungua alinionyesha koili, yaani uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye mrija nyuma ya koni. Ulikuwa umechubuka upande mmoja tu. Lile anguko lilikuwa limeisogeza sumaku kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Lakini upenyo ambamo koili hupanda na kushuka nao ni mwembamba mno, kwa hiyo sumaku ikihama kidogo tu, koili inasugua chuma. Siku ile ya kwanza koili ilikuwa bado nzima. Ilichubuliwa na zile siku tatu za sauti kubwa.

Tangu hapo, mtu akinipigia kuniambia amehama na spika zake hazilii sawa, neno langu la kwanza ni hilo: zima. Spika inaweza kupimwa bila umeme kabisa.

Toa kava la kitambaa. Weka ncha za vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, kwa umbali ulio sawa, kisha isukume ndani taratibu na kuiachia. Usitumie kidole kimoja, kwa sababu koni italala upande na kukudanganya. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, au ukihisi inakwama, ni sumaku imehama au koili imepinda. Hiyo usiiwashe tena, mpelekee fundi. Usijaribu kuigonga sumaku kwa nyundo ili irudi. Nimeona watu wakifanya hivyo na kumaliza kabisa.

Ikiwa iko kimya, chukua betri moja ndogo ya remoti, ile ya volti 1.5. Chomoa waya za amplifaya, kisha gusisha betri kwenye vituo viwili vya spika, pale waya zinapofungwa, kwa kufumba na kufumbua. Koni itaruka na kutoa mlio mfupi. Isiporuka, mara nyingi ni waya wa ndani umechomoka njiani, na hilo ni jambo la dakika tano kwa mwenye pasi ya risasi, ile ya kuunganishia waya. Kama una mita ya kupimia umeme, spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) itasoma takribani 6, na ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Ikikataa kusoma kabisa, kuna mahali pamekatika. Ikisoma karibu na sifuri, usiifunge kwenye amplifaya, maana utapoteza vyote viwili.

Betri hiyohiyo inafichua kosa ambalo nadhani ndilo linalowapeleka watu wengi kwa fundi bure. Umehama, umefunga waya gizani umechoka, nyekundu ukaipeleka kwenye nyeusi kwa spika moja. Spika zote mbili zinalia, lakini besi imepotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi. Hakuna kilichoharibika. Koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na zinauana besi. Weka upande chanya wa betri kwenye kituo chekundu cha kila spika: koni zote zinatakiwa ziruke kwenda nje. Zikifanya hivyo, rudi ukague waya zako kule nyuma ya amplifaya. Na kama chumba kipya kina vigae wakati cha zamani kilikuwa na zulia na makochi mengi, sauti itakuwa kali na yenye mwangwi. Hiyo pia si spika. Tandika zulia kwanza ndipo uhukumu.

Sasa majeraha yanayoonekana. Kile kifuniko cha mviringo katikati ya koni kikibonyea, moyo unauma ukikitazama, lakini mara nyingi sauti haibadiliki. Mimi hutumia kibomba cha karatasi kinachobaki baada ya toileti pepa kwisha: nakiegesha juu ya kibonyeo na kuvuta hewa kwa mdomo, polepole. Kifuniko kikiwa cha plastiki au mpira, hata kipande cha seloteipu kinatosha. Kwenye karatasi seloteipu inaweza kung'oa nyuzi. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikiwa ya kitambaa laini na ukiijaribu, ijaribu kwa pumzi tu. Twita ya chuma iliyobonyea iache kama ilivyo. Ni nyembamba sana, na jaribio la kuinyoosha huishia kwenye ufa.

Koni ya karatasi iliyochanika kidogo inapona vizuri. Chukua karatasi laini ya tishu, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, paka mbele na nyuma ya mchaniko, acha hadi kesho yake. Supa gluu iweke mbali. Inakauka ngumu kama kioo, na koni inahitaji kucheza.

Ile sponji ya pembeni inayoishikilia koni ni habari nyingine. Ikikatika wakati wa kuhama, mara nyingi ilikuwa imeshaoza kwa miaka, na safari imemalizia tu. Huku kwetu pwani joto na unyevu huimaliza mapema. Iguse kwa kidole: ikibaki unga mweusi mkononi, hakuna gundi itakayosaidia. Ring'i mpya huuzwa kwa inchi, 8, 10, 12, na fundi anayejua kazi ataibadilisha bila kugusa koili. Badilisha za spika zote mbili kwa pamoja, zisije zikatofautiana mlio.

Ukilazimika kufungua skrubu mwenyewe, kuwa makini na bisibisi. Sumaku inaivuta kwa nguvu usiyoitegemea, na tundu kwenye koni hutokea hapo, mezani kwako, si barabarani. Mimi huweka kiganja kati ya bisibisi na koni muda wote. Wakati wa kurudisha, kaza skrubu kwa kukingamana, kidogo kidogo, maana MDF, yaani ile mbao ya unga ulioshindiliwa ambayo maboksi mengi ya spika hutengenezwa nayo, ikilika hazishiki tena.

Kona iliyomeguka ilinichukua jioni moja. Unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani, gundi ya mbao, nikakanda kama ugali mgumu, nikajaza, nikabana kwa vibao viwili. Asubuhi nikapiga msasa na kupaka rangi. Ila MDF iliyolowa mvua ikavimba hairudi. Ianike kivulini, na kama maungio yameachia, yabandike upya, kwa sababu boksi linalovuja hewa linapoteza besi na kuleta milio ya ajabu.

Spika ya baba ilifungwa koili mpya, na inalia hadi leo. Mwaka jana nilipohamia Kigamboni, vyombo vyote viliingia kwenye Canter. Spika nilizibeba mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha gari la rafiki, zimefungwa mkanda, koni zimekingwa kwa kadibodi, moja baada ya nyingine. Tulivuka Daraja la Nyerere safari mbili.