Masoko ya majini Thailand: chagua saa kabla ya kuchagua soko

Wanaoniuliza kuhusu masoko yanayoelea ya Thailand huanza na swali la lipi ni zuri. Mimi huwauliza wataamka saa ngapi. Soko lilelile, saa moja asubuhi na saa nne, si soko moja.

Chukua Damnoen Saduak, lile la kwenye picha zote. Liko Ratchaburi, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Bangkok, kwenye mfereji uliochimbwa kati ya 1866 na 1868, enzi za Mfalme Mongkut, kuunganisha mito ya Mae Klong na Tha Chin. Mfereji ndio uliokuwa barabara: mkulima alipakia mazao mtumbwini, akakutana na wenzake majini, wakauziana. Ukiwahi asubuhi utayaona bado hayo. Ikishafika saa tatu, mabasi ya watalii yanamiminika, mitumbwi inabanana, na mbele yako zimejaa fulana na mapambo. Kwa hiyo lala jirani, au toka Bangkok kabla ya alfajiri.

Suala la boti liangalie vizuri. Wapo madereva wa teksi wanaoshusha abiria kwenye gati za watu binafsi njiani, na huko utalanguliwa. Sisitiza upelekwe sokoni penyewe. Kabla ya kupanda, uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa, na ni ya muda gani; mwenye boti aiandike kwenye simu muione wote. Halafu boti si lazima. Kutembea kando ya mfereji ni bure, na wauzaji watakupa chakula hapohapo ukingoni. Watu wenye chatu na wanyama wa kupiga nao picha wapite tu. Wale wanyama wanateseka, na pesa yako ndiyo inayowaweka pale.

Kula ndiko kulikonipeleka mimi. Mama mmoja alikaa katikati ya mtumbwi wake, jiko la mkaa mbele ya magoti, na juu yake chuma chenye mashimo kama chetu cha vitumbua. Alimimina unga wa mchele uliokorogwa kwa tui, akaongeza tui zito, akanyunyiza majani ya kitunguu, akafunika. Pembeni vikakauka, katikati vikabaki rojorojo. Vinaitwa khanom khrok, na vinaliwa vya moto. Doriani, shokishoki na mabalungi mtu wa Unguja atayajua bila kuelezwa.

Kwa Waislamu: tambi za mtumbwini mara nyingi hutiwa damu ya nguruwe au ya ng'ombe kwenye mchuzi, hata kama nyama unayoiona ni ya kuku. Uliza, na utafute alama ya halali. Usipoiona, matunda yapo tele.

Kama unataka utulivu, nenda Tha Kha, mkoa wa Samut Songkhram. Ni dogo, la wenyeji, na kwa desturi siku zake hufuata mwezi mwandamo, kwa kuwa maji ya mifereji ile hupanda na kushuka na bahari. Mwisho wa wiki pia hufunguliwa. Hapo ndipo ningekupeleka kwanza.

Asiyeweza kuamka mapema ana Amphawa, mkoa huohuo, Ijumaa hadi Jumapili kuanzia mchana. Kamba na ngisi huchomwa ndani ya mitumbwi, wateja wamekaa kwenye ngazi za ukingoni. Giza likiingia, boti huwapeleka watu kutazama vimulimuli kwenye miti ya mtoni. Mwombe nahodha azime mashine mkifika. Ila magari ya kurudi Bangkok hukatika mapema usiku. Ukitaka vimulimuli, tafuta chumba kabla hujaondoka Bangkok, maana mwisho wa wiki nyumba za wageni za kando ya mfereji hujaa.